Namna ya kuandika kumbukumbu ya rafiki marehemu mliyepanga naye chumba ujanani

Katika misiba mingi ya mijini wasifu wa marehemu husomwa na mtu wa ukoo, na kwa sababu hiyo hufuata njia moja isiyobadilika: alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, alisoma shule zipi, aliajiriwa wapi, alifunga ndoa lini na ameacha watoto wangapi. Kati ya shule na ndoa huwa kuna pengo la miaka mitano, sita au hata kumi, ambalo msomaji hulivuka kwa sentensi moja tu, kwamba "baadaye marehemu alihamia Dar es Salaam kutafuta maisha". Ikiwa katika miaka hiyo marehemu alipanga chumba pamoja nawe, basi wewe ndiye shahidi wa sehemu ya maisha yake ambayo mama yake hakuiona, mjane wake hakuikuta na watoto wake hawajawahi kuisikia, isipokuwa vipande vilivyowaponyoka ninyi wawili katika mazungumzo mbele yao.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulijaza pengo hilo kwa maandishi, yawe ya kusomwa kwenye arobaini, kwenye ibada ya kutimiza mwaka, au ya kutumwa tu kwa wenzake wa zamani na kwa watoto wa marehemu. Nimechukua mfano wa Dar es Salaam, hasa nyumba za Magomeni, Mwananyamala, Manzese na Tandale, kwa kuwa ndizo ninazozijua na huko ndiko walikofikia vijana wengi waliotoka mikoani. Aliyepanga Mwanza, Tanga au Mombasa atabadilisha majina ya mitaa na kuendelea. Ninalolisisitiza ni hili: andika yale ambayo nyumba ile peke yake iliyaona. Uhodari wake kazini, mapenzi yake kwa familia na mchango wake kanisani au msikitini wapo watu wanaoyajua kuliko wewe, na wao watayaandika.

Chora nyumba kwanza

Mtu akiachwa akumbuke bila pa kushika, hukimbilia sifa. Ukijiuliza rafiki yako alikuwa mtu wa namna gani, kalamu itaandika kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu na mchapakazi, maneno ambayo yamesomwa katika kila msiba uliowahi kuhudhuria. Ukijiuliza badala yake ndoo ya maji ilikaa upande gani wa mlango, utakumbuka ni nani aliyeijaza, saa ngapi, na kwa manung'uniko gani, na katika manung'uniko hayo utamsikia yeye mwenyewe.

Kwa hiyo chukua karatasi kubwa uchore ramani. Nyumba ya Kiswahili ina mpangilio unaofahamika, hivyo kazi si ngumu: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande vinavyotazamana, kisha ua wa nyuma wenye choo, bafu na jiko, na pengine vyumba vya uani ambavyo mwenye nyumba aliviongeza baadaye ili apate kodi zaidi. Andika katika kila chumba jina la aliyekaa humo, hata kama unachokumbuka ni "mama wa mapacha" au "yule fundi cherehani" tu. Weka alama palipokuwa na mita ya umeme, pipa la maji, kamba ya kuanikia nguo, na pembe ya korido ambako majiko ya mchina yalihamishiwa mvua iliponyesha. Kisha ingia chumbani kwenu. Chora kitanda au godoro, pazia la kugawa chumba kama mlikuwa nalo, misumari ya kutundikia mashati, redio, boksi lililofanywa kabati. Nani alilala ukutani na nani alilala upande wa mlango? Swali hilo laonekana dogo, lakini aliyelala upande wa mlango ndiye aliyeamshwa na kila mgeni, ndiye aliyemfungulia mwenzake aliyechelewa kurudi, na ndiye aliyejua mwenzake alirudi saa ngapi na katika hali gani.

Ramani hiyo usiitupe baada ya kuandika. Mara nyingi ndiyo sehemu ambayo watoto wa marehemu huipenda kuliko maandishi yote, kwa sababu inawaonyesha baba yao akiishi mahali penye vipimo, na unaweza kuinakili vizuri na kuiambatisha.

Huenda nyumba yenyewe haipo tena. Wengine walihama Jangwani na mabonde jirani baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wengine nyumba walizopanga zilibomolewa Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa, na nyumba nyingi za Kariakoo na Magomeni zimegeuka maghorofa. Hata hivyo nenda. Simama barabarani utazame jirani gani amebaki, duka gani lipo mahali pake, na umbali wa kwenda kituo cha daladala ni hatua ngapi, kwa kuwa miguu hukumbuka mambo ambayo kichwa kimeyasahau. Asiyeweza kusafiri anaweza kutumia programu ya Google Earth ya kompyuta, ambayo ina sehemu ya kurudisha picha za satelaiti nyuma kwa miaka. Kwa Dar es Salaam picha za miaka ya 2000 zipo, na paa la bati la nyumba yenu huenda likaonekana.

Fuata pesa

Baada ya ramani, andika jinsi pesa ilivyozunguka chumbani. Mimi naiona sehemu hii kuwa tajiri kuliko zote, na ndiyo ambayo waandishi wengi huiruka kwa kuona haya. Vijana wawili waliopanga chumba kimoja hujuana kwa kodi, kwa unga na kwa mafuta ya taa kabla hawajajuana kwa maneno.

Anza na jinsi mlivyokutana humo ndani. Mara chache watu wawili huenda pamoja kutafuta chumba. Kwa kawaida mmoja alitangulia kupanga, na mwingine akaja kujishikiza kwa wiki mbili ambazo zikawa miaka. Ni nani kati yenu aliyejishikiza kwa mwenzake? Aliombaje, na alijibiwaje? Kama wewe ndiye uliyepokelewa, hapo una jambo la kuandika ambalo hakuna ndugu wa marehemu anayeweza kuliandika: kwamba mtu aliyekuwa na chumba cha futi kumi kwa kumi alikigawa nusu. Kama wewe ndiye uliyempokea, liandike kwa uangalifu zaidi, ukieleza yeye alileta nini, isije ikasomeka kana kwamba unajisifu juu ya maiti.

Kodi ya Dar es Salaam hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, na mkupuo huo kwa kijana asiye na ajira ya kudumu ni mtihani. Eleza mlivyoupata mara ya kwanza. Eleza ni nani aliyetumwa kwenda kuzungumza na mwenye nyumba siku zilipopita, maana katika kila chumba huwa kuna mmoja mwenye ulimi wa kuombea muda. Eleza umeme ulivyochangiwa kwa kichwa au kwa chumba, ni nani aliyeshukiwa kutumia pasi usiku, na mgogoro uliamuliwa na nani. Fedha za taka, zamu ya kufagia ua, na mchango wa kuita gari la kunyonya majitaka pia ni mambo ya kuandikwa, kwa sababu ndimo uungwana wa mtu ulimoonekana. Mtu anayelipa mchango wa choo bila kukumbushwa ana sifa kubwa, na sifa hiyo haijawahi kusomwa kwenye wasifu wowote nilioufahamu.

Kisha chakula. Usiandike kwamba "tulikula kwa shida". Andika mlikula nini: ugali wa sembe kwa dagaa wa Kigoma au wa Mwanza, maharage yaliyochemshwa asubuhi ili yale mafuta ya taa yatoshe wiki, chapati za mama lishe wa jirani aliyewakopesha hadi mwisho wa mwezi, au siku za kupiga pasi ndefu ambapo chai ya asubuhi ilibidi imfikishe mtu hadi jioni. Ni nani aliyesonga ugali, na ulitoka laini au wenye mabonge? Aligawaje mboga? Mtu ambaye kwa miaka yote aliiacha minofu upande wa mwenzake hahitaji kuitwa mkarimu na mwandishi.

Kupanga miaka bila shajara

Kumbukumbu za ujanani hazina tarehe. Unasema kwamba mlihamia chumba cha uani kabla ya ule mgao mkubwa wa umeme, na mwenzenu mwingine anaapa kwamba ilikuwa baada. Wazee wetu walihesabu umri kwa njaa, nzige na vita, na njia hiyo bado inafaa kwa asiye na shajara. Gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika matukio ya hadhara yenye tarehe zinazojulikana, na upande wa pili andika jambo lenu ambalo unakumbuka lilikuwa karibu nalo.

Kwa waliopanga miaka ya 1990 yapo ya kutosha: kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuvuka mwaka, bomu la ubalozi wa Marekani lililolipuka asubuhi ya Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, na kifo cha Mwalimu Nyerere huko London tarehe 14 Oktoba 1999. Waliofuata watakumbuka Senegal ilipoifunga Ufaransa 1–0 tarehe 31 Mei 2002, Simba ilipoitoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa penalti mwaka 2003, na mgao wa 2006 baada ya ukame kukausha mabwawa ya umeme. Usiudharau mpira. Mtu aliyesahau tarehe ya harusi yake mwenyewe anaweza kukuambia alikaa benchi gani katika kibanda cha kuonyeshea mechi na ni nani aliyemlipia kiingilio.

Vitu vya kila siku navyo vina tarehe. Kama unakumbuka rafiki yako akimkabidhi dereva wa basi bahasha yenye pesa za kumpelekea mama yake, yaelekea hapo ni kabla ya 2008, mwaka ambao M-Pesa ilianza Tanzania. Kama unakumbuka akipanga foleni kwa wakala, ni baada yake. Kama alikusindikiza Ubungo kupanda basi la mkoani, ni kabla ya 2021, ambapo kituo kilihamia Mbezi. Pale ambapo mwaka bado haupatikani, andika "mwaka tuliohama" au "msimu wa mvua kubwa" na uendelee. Msomaji hatakulaumu kwa kukosa tarehe, ila atakulaumu ukimpa tarehe ambayo mjane anajua kwamba siyo.

Waulize wengine waliokaa humo

Wewe uliona upande mmoja wa pazia. Watafute waliokaa vyumba vingine, mwenye nyumba au watoto wake, fundi wa pale barazani, na mama lishe kama bado yu hai. Wakati mzuri wa kuwapata ni msiba wenyewe, kwa sababu watu wa nyumba ya zamani huja kuzika hata kama hawajaonana kwa miaka; chukua namba za simu pale matangani, lakini usiulize maswali siku hiyo. Subiri hadi tanga lianuliwe.

Unapowapigia, usiulize "unamkumbukaje marehemu?", kwani swali hilo litakurudishia zile sifa tulizozikimbia. Uliza kuhusu jambo dogo: ni nani aliyekuwa anafunga mlango mkubwa usiku, ile redio ilikuwa ya nani, siku ile maji yalipokatika wiki nzima mlichota wapi. Mwache azungumze hata akitoka nje ya swali. Mtu mzima, mzee au mama wa nyumba, msalimie ipasavyo na umpe nafasi ya kukupa pole kwanza, maana kwake wewe pia ni mfiwa. Atakapomaliza pole ndipo atakapoanza kusimulia.

Wengi watakutumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na ujumbe huo ni hazina, kwa sababu una kicheko na kigugumizi ambavyo maandishi hayana. Ila hupotea upesi simu inapobadilishwa au kujaa. Uhamishe siku hiyohiyo kwenye kompyuta au kwenye hifadhi ya mtandaoni, uupe jina la msemaji na tarehe, kisha uandike kwenye karatasi yale aliyoyasema. Masimulizi yatapingana. Mmoja atasema ni marehemu aliyemfukuza mwizi aliyeruka ukuta wa ua, mwingine atasema marehemu siku hiyo alijifungia chumbani. Usichague lililo zuri zaidi kwa kuwa ni zuri. Kama ulikuwepo, andika uliloliona. Kama hukuwepo, andika yote mawili na useme yametoka wapi, na nina hakika marehemu angefurahi kuona kesi hiyo haijaisha.

Picha na barua

Picha za wakati ule ni chache na nyingi zilipigwa studio, mbele ya pazia lenye mandhari ya bahari au ndege, mtu akiwa amevaa shati ambalo huenda si lake. Hilo la shati liulize, maana mashati ya chumba kimoja yalikuwa na wenyewe wawili. Picha ya karatasi usiichane kutoka kwenye albamu ya gundi kwa nguvu. Ipige humohumo kwa simu, mchana, karibu na dirisha au kivulini, bila mwanga wa kamera, simu ikiwa sambamba na picha ili mistari isipinde. Majina ya walio ndani yake yaandike nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya au kuacha alama upande wa pili. Hifadhi picha zenyewe katika bahasha za karatasi mahali pakavu, na kwa mtu wa pwani hapo pana kazi kwa sababu ya unyevu. Unapozituma kwa wenzako kwa WhatsApp, zitume kama hati badala ya picha ya kawaida, la sivyo programu itazipunguza ubora na uso wa rafiki yako utakuwa ukungu.

Barua na ujumbe mfupi wa simu vinaweza kunukuliwa, lakini vifupi, na baada ya kuwaonyesha wenye haki ya kwanza. Barua aliyokuandikia wewe ni yako kuihifadhi. Maneno yaliyo ndani yake yanamhusu pia mkewe na watoto wake.

Ya kusemwa na ya kusitiriwa

Nyumba ya vijana ina mambo ambayo hayatakiwi kufika kwa wajukuu. Kanuni ninayoifuata ni kuyapima kwa msomaji mmoja: mtoto mkubwa wa marehemu, akiwa amekaa mbele ya wakwe zake. Aibu iliyokuwa ya marehemu peke yake, kama vile kuungua kwa sufuria ya maharage hadi jirani wakadhani nyumba inawaka, inasimulika. Aibu inayomgusa mtu mwingine aliye hai haisimuliki. Wapenzi wa zamani usiwataje kwa majina wala kwa alama zinazowatambulisha, hata kama kila mtu wa nyumba ile anawajua. Mjane hana sababu ya kuletewa habari hizo wakati ambao hana wa kumuuliza.

Madeni yasiandikwe kabisa. Mazikoni hutangazwa kwamba anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na ndugu, na hapo ndipo mahali pake. Kama wewe ndiye uliyekuwa unadaiwa, lipa kwanza, kisha ndipo ushike kalamu.

Kuhusu ugonjwa, sema lile ambalo familia imelisema hadharani na usizidishe. Waliopanga miaka ya 1990 walizika wenzao wengi waliosemekana "kuumwa muda mrefu", wakati ambapo hata jina la ugonjwa halikutamkwa, na dawa za kufubaza makali ya virusi hazikuwa zimeanza kutolewa bure nchini. Ukiwa ulimuuguza chumbani, unaweza kuandika uuguzi wenyewe, yaani uji, maji ya moto, usiku wa kukesha, teksi iliyokataa kuingia uchochoroni, bila kutaja ugonjwa. Atakayefahamu atafahamu.

Kucheka hakukatazwi. Desturi ya utani ipo kati ya makabila mengi ya Tanzania, kama Wazaramo na Wanyamwezi, na mtani huruhusiwa hata msibani kumwigiza marehemu na kudai pesa mbele ya waombolezaji, na watu hucheka machozi yakiwatoka. Rafiki wa chumba kimoja amepata utani wa namna hiyo kwa kuishi naye, ingawa hakuzaliwa nao. Tumia haki hiyo kwa kiasi, na ujumuishe humo vituko vyako mwenyewe, ili msomaji aone vijana wawili wenye makosa badala ya mmoja anayechekwa na mwenzake aliyebaki.

Kuandika kwenyewe

Ukifika hapa utakuwa na karatasi nyingi kuliko unavyohitaji. Chagua siku moja, ya kawaida au ya tukio, uisimulie kwa ukamilifu tangu asubuhi hadi usiku, na mengine yote uyapange kuizunguka. Siku ya kuhamia hufaa sana, kwa sababu inamleta mwenzako mlangoni akiwa na vitu vyake vyote mkononi, na orodha ya vitu hivyo peke yake inaeleza alikuwa nani: begi la nguo, ndoo, taa ya chemli, Biblia au msahafu, jozi ya viatu vya mpira. Yale mliyoyafanya kila siku yaeleze kwa ufupi. Lile alilolifanya mara moja lisimulie polepole, kwa maneno aliyoyatamka kama unayakumbuka kwa hakika. Kama huyakumbuki, usimtungie maneno. Eleza alichosema kwa maneno yako, na msomaji atakuamini zaidi.

Amua mapema kama utazungumza naye au utazungumza juu yake. Wengi huanza na "alikuwa" na kumalizia na "ndugu yangu, umetuacha", na mabadiliko hayo humchosha msikilizaji. Kwa maandishi ya kusomwa mbele ya watu napendelea "yeye" kuanzia mwanzo hadi mwisho; "wewe" inafaa katika barua ambayo haitasomwa na wengi. Jina mlilomwita chumbani litumie, hasa kama nyumbani kwao hawakulijua, lakini litaje mara ya kwanza pamoja na jina lake kamili ili wazee wasidhani unamzungumzia mtu mwingine.

Kifo chenyewe kieleze kwa sentensi mbili au tatu. Familia inakijua, na wewe umepewa kazi ya kuandika maisha. Dua nayo iwe moja, kwa mapokeo ya dini yake marehemu, hata kama yako ni tofauti: kwa Mwislamu, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa Mkristo, raha ya milele au maneno ambayo kanisa lake hutumia. Dua iliyorudiwa kila aya hupoteza uzito, na huonyesha kwamba mwandishi ameishiwa.

Kama yatasomwa kwa sauti, yasizidi kurasa mbili zilizochapwa, ambazo kwa msomaji asiyekimbia ni dakika sita hadi nane. Msibani kuna wengine wanaosubiri kuzungumza na kuna watu waliosimama juani. Yasome peke yako kwa sauti angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, ili ujue ni sentensi ipi itakayokukaba koo, na umwombe mwenzako mmoja wa nyumba ile akae karibu na nakala mkononi, apokee kusoma pale utakaposhindwa. Toleo refu, lenye ramani, picha na masimulizi yanayopingana, litengeneze baadaye bila haraka.

Kabla ya kulisambaza, mpelekee kwanza mjane au mgane, au mtoto mkubwa, na umpe ruhusa kamili ya kufuta. Akifuta jambo, usibishane naye. Kisha chapa nakala chache za karatasi, uache pambizo pana upande wa kulia, umpe kila aliyekaa nyumba ile nakala moja na kalamu, na umwambie asahihishe. Watabishana juu ya bei ya kodi, juu ya rangi ya mlango, juu ya nani alihama kwanza. Zikusanye nakala hizo baada ya mwezi mmoja, ingiza masahihisho yaliyokubaliwa na zaidi ya mtu mmoja, weka tarehe kwenye toleo jipya, na nakala ya pili ya kila kitu, pamoja na sauti na picha, ikae kwa mtoto wa marehemu badala ya kukaa kwako.